Tundu la Pili

Nilikuwa katikati ya wimbo, harusini kule Mkula, nilipouona mkono wa Octavian ukishuka kwenye amplifaya na kukizungusha kitufe changu polepole, kama mtu anayepunguza moto wa taa ya chemli. Hakunitazama. Aliendelea kuimba huku akiwatabasamia maharusi, na gitaa langu likazama chini ya besi na ngoma mpaka nikabaki nasikia mkwaruzo tu wa chuma juu ya nyuzi. Sikuacha kupiga. Wageni walimwona mwanamke ameketi, gitaa limelala mapajani, mkono wake wa kushoto ukiteleza huku na huku, na hawakusikia chochote. Nadhani walinichukulia kama pambo.

Tulikuwa tumeachana tangu masika. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakagawa vyombo, godoro na kuku, na binti yetu Sikitu akabaki kwangu. Amplifaya hakuna aliyeitaja. Ilikuwa mali ya Octavian, nzito, ya kubebwa na watu wawili, yenye matundu mawili mbele: la kwanza la kipaza sauti chake, la pili la gitaa langu. Kwa hiyo niliachika nyumbani tu. Kila Jumamosi nilipanda gari moja naye, nikaketi kushoto kwake, nikachomeka waya wangu kwenye kitu chake, na sauti yangu ikawa ya kiasi anachotaka yeye.

Wengine waliniuliza kwa nini siachi bendi. Sikuwa na kazi nyingine niliyoipenda. Gitaa lile la kulaza nililirithi kwa baba, aliyekuja bondeni kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Mashine ilimponda vidole vya mkono wa kushoto, vikapona vikiwa vimekakamaa, haviwezi tena kubana uzi. Akalilaza gitaa mapajani, akaomba wenzake wa karakana wamchongee kipande cha chuma laini, akaanza kujifunza upya. Mimi nilikuwa naketi mbele yake, nikijifunza kwa kutazama. Baadaye mlio huo ndio uliompa Octavian jina kutoka Kidatu hadi Mlimba. Alilijua hilo, na naamini ndilo lililomfanya anichukie hasa. Alikuwa bado ananihitaji.

Tukirudi kutoka Mkula nilimwambia, mbele ya wenzetu, "Umenipunguza."

"Ulikuwa unanifunika."

"Nilikuwa ndiyo kwanza naanza."

"Amplifaya ni ya nani?"

Mpiga ngoma alifumba macho akajifanya amelala. Nilitazama mashamba ya mpunga yakipita dirishani, na kabla hatujafika Ifakara nilikuwa nimekwisha kuamua.

Jumatatu nililibeba gitaa hadi dukani kwa Abdulkarim, muuza redio na spika karibu na soko. Nilimweleza ninachotaka: amplifaya ndogo, niibebe mwenyewe, ipande bodaboda, ipande treni, na umeme ukikatika iendelee kulia.

Kwanza alinishushia sanduku la plastiki lenye taa za rangi. Nilichomeka, nikaburuza chuma kwenye uzi mwembamba. Sauti ilitoka imeziba kama ya mtu mwenye mafua, na mlio ulipotakiwa kurefuka ukakatika. Gitaa la kulaza linaishi kwenye kile kinachobaki baada ya kidole kuuachia uzi. Kikikatika, huna wimbo.

Ya pili ilikuwa na sauti nzuri, pana, ila nilipoinyanyua mgongo ulikataa. Abdulkarim akasema kuna vijana wa kunibebea. Nikamwambia nimechoka kubebewa.

Ya tatu ilikuwa nyuma ya mafeni, imejaa vumbi: nyeusi, haina taa, ina mpini mmoja juu na betri yake ndani. Niliupiga uzi nikaacha. Mlio ulitoka safi, ukanyooka, ukapanda kidogo nilipokisukuma chuma, kisha ukafifia wenyewe kwa wakati wake. Nikapiga tena. Niliinyanyua kwa mkono mmoja, gitaa mkono wa pili, nikatoka nayo mpaka barabarani nikarudi.

Niliporudi, Octavian alikuwa amesimama dukani. Sijui nani alimpelekea habari. Alimsalimia Abdulkarim, mimi hakunisalimia.

"Unamuuzia nini huyu?"

"Amplifaya, kaka."

"Hiyo? Hiyo ni ya kutangazia dawa ya panya mnadani. Harusini haisikiki hata meza ya pili."

Abdulkarim alianza kuivuta amplifaya upande wake wa kaunta. Octavian alikuwa mteja wake wa siku nyingi, na mimi nilikuwa mwanamke mmoja mwenye gitaa. "Dada," akasema taratibu, "labda ukafikirie kidogo."

"Nimefikiria tangu masika."

Ndipo Octavian alipogeuka kunitazama. "Eveline, ukiinunua hiyo, jukwaani kwangu haipandi."

Tangu tuachane hakuniita tena Mama Sikitu. Jina langu alilitamka kama mtu anayesogeza uchafu kwa mguu.

"Nifungie," nikamwambia Abdulkarim.

Wiki iliyofuata bendi ilikuwa na harusi Mlimba. Mama wa bibi harusi, Mama Ursula, alikuwa amewahi kunisikia, na alisema wazi kwamba anataka bendi yenye gitaa la kulaza. Octavian hakuweza kuniacha. Wao waliondoka na gari, mimi nikaenda kwa treni, amplifaya imebanwa katikati ya miguu yangu. Abiria mwenzangu aliniuliza kama ni mashine ya kushonea. Nikamwambia ndiyo, maana sikutaka maneno.

Nilipofika jukwaani, kwenye tundu la pili palikuwa pamechomekwa kipaza sauti ambacho hakikuwa na mtu.

"Pamejaa," Octavian alisema.

"Sihitaji tundu."

Niliiweka amplifaya yangu kando ya kiti, nikaiwasha. Akanitazama, akainama, akaipandisha ya kwake mpaka glasi mezani zikatetemeka. Nami nikapandisha yangu hadi mwisho. Haikufaa kitu. Alikuwa amesema kweli dukani: sikusikika hata meza ya pili. Aliimba akiwa amenielekea, mdomo umejaa furaha, na mpiga besi akainamisha kichwa kwa aibu ambayo haikunisaidia.

Katika wimbo wa tatu nilisimama. Nikaishika amplifaya kwa mpini, nikalikumbatia gitaa, nikapita katikati ya meza mpaka nyuma ya nyumba, kwenye banda la jikoni. Wanawake walikuwa wanapakua wali na samaki kutoka masufuria makubwa. Mama Ursula mwenyewe alikuwa pale, kanga kiunoni, anahesabu sahani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja huku?"

"Huku nitasikika."

Alinisogezea kigoda. Nikapiga. Banda lile lilikuwa kubwa kiasi cha sauti yangu, wala halikuzidi. Mpishi mmoja alishika mwiko akaanza kuimba Kindamba, nikamfuata, akipanda napanda, akishuka nashuka. Ilikuwa muda mrefu sijasikia mlio wangu mwenyewe mpaka unakoishia.

Bendi ilipopumzika, Octavian alikuja na shati limelowa jasho.

"Wenye shughuli wanauliza gitaa liko wapi."

"Liko hapa."

"Rudi."

"Na hii?" Nikaigusa amplifaya.

"Hiyo inabaki."

"Basi na mimi nabaki."

Alishusha sauti. "Nitawaambia bonde zima unawaacha watu jukwaani. Hakuna atakayekuita tena."

"Waambie."

Alisogea hatua moja, na sikujua angefanya nini. Mama Ursula akapita katikati yetu na sahani mikononi. "Baba, jikoni pana moto. Ondoka hapa."

Alitimiza aliyoyasema. Mpaka leo hakuna bendi inayoniita. Naitwa kwenye ubatizo, kwenye vikao vya vikoba vya kuweka akiba, kwenye misiba ya watu wasiotaka kelele. Octavian amempata mpiga kinanda anayebonyeza sauti inayofanana na yangu, na tukikutana kanisani kila mmoja anatazama madhabahu.

Mchana ule wa Mlimba sikujua hata moja kati ya hayo. Nilisikia tu, ng'ambo ya nyumba, bendi ikianza tena, na ulikuwa ule wimbo ambao baada ya ubeti wa pili mwimbaji hunyamaza na gitaa langu huingia peke yake. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili. Octavian akanyamaza, na besi ikabaki inatembea yenyewe.

Yule mpishi akaacha kupakua. "Wanakusubiri."

"Nawasikia."

Nikaweka kiganja juu ya nyuzi zote, nikakikandamiza. Pengo lilikuwa refu kuliko nilivyodhani. Kisha Octavian akarudi kuimba kabla ya wakati, nje ya mapigo, na wenzake wakahangaika kumfuata.

Nikazima amplifaya ili chaji isiishe. Mama Ursula akanipa sahani ya wali na kipande kikubwa cha samaki, nikanawa mikono, nikala.