Kompresa Nzima

Miaka ishirini na sita Shedli Ben Amara amefundisha ufundi wa friji pale chuoni mjini Sfax, leo anaambiwa afanye mtihani. Mtihani! Yeye! Eti chuo kimetia saini ushirikiano na chuo cha ng'ambo, na mwalimu asiye na cheti chao hashiki chaki tena baada ya kiangazi.

"Ni saa moja tu, Ami," mkuu wa chuo, Naziha, alimbembeleza. Huyu Naziha alifundishwa kulehemu paipu na Shedli mwenyewe, enzi hizo akiunguza vidole na kulia.

"Na nikishindwa?"

"Wewe hushindwi."

Basi akasimama mbele ya friji mbovu, wanafunzi wake wamejipanga ukutani, na Bwana Ruben, mkaguzi mgeni, kashika fomu na kalamu. Shedli akachomeka waya, akatega sikio. Kompresa, moyo wa friji unaosukuma gesi ya baridi, ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Akachomoa, akapima kwa mita, akabandua kidude cha kuwashia kilichoungua, akaweka kingine alichokitoa mfukoni. Dakika kumi na moja, kazi kwisha. Friji ikawaka, na haukupita muda ikaanza kushika baridi. Yusra, binti machachari kuliko wote darasani, akapiga kigelegele.

Bwana Ruben alitia mkono ndani, akaridhika, kisha akaandika sifuri.

"Sifuri ya nini?" Shedli alifoka. "Kwani haipoi?"

Naziha akatafsiri. Mgeni alijibu kwa upole, ule upole wa mtu ambaye kesho anapanda ndege aende zake.

"Anasema inapoa vizuri sana. Ila fomu inasema kompresa isipowaka inang'olewa, inafungwa mpya. Hatua ya nne mpaka ya kumi na mbili hujazifanya."

"Kompresa ni nzima, Naziha! Nikate kitu kizima nimepata wazimu?"

"Najua, Ami." Akamvuta kando, penye maboksi ya kompresa mpya za msaada wa chuo kile cha ng'ambo, akashusha sauti. "Wana ripoti ya kuandika, wanataka kuona hizi zimetumika. Amekubali urudie. Kata, funga, yaishe. Ukikataa, Septemba darasa lako anapewa kijana aliyesoma kwao miezi mitatu. Nakuomba."

Shedli alitaka kumtukana, na haki alikuwa nayo. Lakini baada ya hapo aende wapi? Akakae mkahawani na wastaafu, acheze karata huku anasikia kengele ya chuo? Hakuwa na kitu kingine duniani ila darasa lile. Akarudi. Akaitoa gesi ya friji, akakata paipu za shaba, akaing'oa kompresa ingali na joto, akafunga mpya hatua kwa hatua kama fomu ilivyotaka. Akapata mia kwa mia. Wakampiga picha na cheti, bendera mbili nyuma yake, Naziha akipiga makofi bila kumtazama usoni.

Wanafunzi walikuwa wamefungua madaftari.

"Mwalimu," Yusra aliuliza, "ile kompresa si ilikuwa nzima? Penye chanzo cha ubovu tuandike nini?"

Darasa zima likamgeukia. Bwana Ruben alikuwa bado mlangoni, anatabasamu, haelewi hata neno moja.

"Andikeni kompresa imekufa," Shedli alisema.

Yusra alimkodolea macho mwalimu wake kitambo. Kisha akainama, akaandika.