Moshi Uliohamia kwa Mwenyekiti

Mama Makumbi alikuwa anageuza samaki ubavu wa pili Mwenyekiti alipoingia uwanjani na wanaume wawili wenye ndoo. Akadhani wameleta samaki.

"Tueni hapo kivulini," akawaambia bila kuinua kichwa, "na kama hawajapasuliwa matumbo, rudini nao mlikotoka."

Ndani ya ndoo mlikuwa na maji.

Uwanja ulikuwa nyuma ya soko, na wanawake wa mji walibanika samaki hapo tangu soko lenyewe halijapata paa. Kazi yao ilikuwa rahisi kuieleza, kuifanya ndiyo shughuli: kichanja cha miti juu, shimo la makumbi ya nazi chini, na moto usioruhusiwa kuwaka, ufuke tu, mpaka samaki apate rangi ya asali. Aliyekosa riziki kwingine alikuja, akasogezewa kichanja, akaanza. Hakuna aliyebisha hodi, maana hapakuwa na mlango. Sharti lilikuwa moja: moto huzimwa kwa mchanga, tena samaki wa mwisho akishashuka. Maji hayamwagwi. Moshi ulio kazini ukimwagiwa maji hukosa pa kwenda, na moshi uliokosa pa kwenda humfuata aliyeumwagia.

Mwenyekiti alilijua hilo vizuri. Mama yake ndiye aliyechimba shimo la kwanza, na yeye na kaka yake, marehemu mume wa Mama Makumbi, walitambaa pale pale wakiwa wamejaa masizi kama vyungu.

"Shemeji, samaki wako juu," alisema Mama Makumbi.

"Nawaona, shemeji."

"Basi ngoja washuke, tukuchotee mchanga."

"Mchanga utanichelewesha. Mwenye hoteli anakuja kupima mchana huu huu. Anataka mahali pa kuegesha magari ya wageni wake."

Akawakonyeza wenzake, wakamwaga.

Moshi ulisimama kidogo, kama mpangaji aliyetolewa nje anayetazama kama kasahau kitu, kisha ukawapita wenye ndoo, ukamfuata Mwenyekiti aliyewatuma. Alipofika kwake ulikuwa umeshajipanga: ulianzia mabegani, ukapanda taratibu mpaka darini, mzito, mtamu, wa makumbi matupu. Mkewe alifungua madirisha. Mwenyekiti akatoka nje, moshi ukatoka naye. Mvua ikanyesha, ukaingia naye chini ya mwavuli.

Daktari alimpima akakuta mapafu safi kama ya mtoto. Aliandika dawa ya macho, ya mke.

Sofa alizopewa na mwenye hoteli kwa shukrani zilikuwa nyeupe kama maziwa. Haukupita muda zikawa rangi ya chai.

Dada yake mkubwa, ambaye kwa Mama Makumbi ni wifi, alikuja kumjulia hali, akakaa mlangoni akijipepea na kanga.

"Kitendawili!"

"Dada, sina nafasi."

"Sema tega."

"Haya, tega."

"Hana miguu, lakini anakusindikiza mpaka chooni."

Mwenyekiti akapunga moshi usoni. Dada akamwambia kama ameshindwa ampe mji. Akampa mji, dada akaula wote, akaenda zake akicheka barabara nzima.

Kwa Mama Makumbi kicheko kilikuwa haba. Alijaribu kubanika nyuma ya nyumba yake, upepo ukapeleka moshi kwenye nguo za jirani, jirani akaja juu. Akajaribu kando ya barabara, akafukuzwa. Samaki wakaanza kumwozea mikononi. Asubuhi moja akajitwisha beseni lake la samaki wabichi akaenda kwa shemeji yake, amekunja uso, amepania kuurudisha uwanja siku hiyo hiyo.

Alilitua beseni kwenye meza ya kioo, karibu na goti la Mwenyekiti, akaanza. Akasema uwanja si mali ya mtu. Akasema mama mkwe angefufuka leo angemchapa mtu na mwiko, uenyekiti wake wote. Akasema kuna wajane wanaolala na maji ya moto tumboni kwa sababu ya magari ambayo hata hayajafika. Mwenyekiti alisikiliza ameinamisha kichwa, na moshi ukainama naye.

Mama Makumbi alipotulia avute pumzi, akatupa jicho kwenye beseni. Samaki walikuwa rangi ya asali.

Akamgeuza mmoja. Akambonyeza. Akamnusa kwenye shavu, pale ambapo samaki hawezi kudanganya.

"Hawa wameiva, shemeji," alisema.

"Mimi nilikuwa nimetulia tu," alisema Mwenyekiti.

Mama Makumbi akajitwisha beseni akaenda sokoni. Samaki walikwisha kabla ya adhuhuri. Alipokuwa anaosha beseni ndipo alipokumbuka kwamba hakujibiwa neno lolote kuhusu uwanja.

Habari ikaenea. Wanawake wakawa wanakwenda kwa Mwenyekiti kulalamika, kila mmoja na beseni lake. Mwanzoni walibeba malalamiko na samaki. Baadaye malalamiko yakawa yanabaki nyumbani. Vichanja vikafungwa sebuleni, kimoja juu ya televisheni, viwili kwenye mapazia, na Mwenyekiti akapewa kiti cha kuzunguka ili moshi ufike kote. Mkewe alihamia jikoni, ambako hewa ilikuwa nzuri zaidi.

Samaki walikuwa wazuri, hilo hakuna aliyelikana. Ila sasa ilibidi kubisha hodi, kuvua viatu, kuuliza kama mzee ameamka na ameamkaje. Waliompigia kura walitundika karibu na mabega yake. Wasiompigia walitundika barazani, kwenye moshi wa mabaki. Alipokwenda kwenye harusi mji wa mbali, moshi ulikwenda naye, na huku nyuma samaki wa mji mzima wakaoza. Harusini walisema kuku walikuwa na ladha ya ajabu.

Mama Makumbi alikuwa anapita uwanjani kila jioni. Pamesimama ukuta, na geti, na magari yamepangwa pale palipokuwa mashimo. Mlinzi alimwambia wageni wanapapenda sana, hapana harufu yoyote. Basi kila alipokwenda kubanika alimuuliza shemeji yake, "Uwanja lini?" na shemeji alimjibu, "Tutakaa tuliongee," naye alikuwa amekaa muda wote huo.

Ndipo akaja mgeni rasmi kutoka makao makuu. Alisikia kwamba kuna mji ambao haujaacha kazi za mababu, akataka kuona kwa macho yake. Alikaribishwa kwenye sofa, akapewa samaki, akala mpaka miiba. Kisha akasimama akasema viongozi wengi huhifadhi kazi za asili kwa maneno, lakini huyu amezihifadhi kwa mwili wake. Akamvisha Mwenyekiti joho la heshima. Moshi ukapita kwenye kola kama umeshonewa.

Wifi alipiga kigelegele, naye hakuna ajuaye kama alikuwa anasifu au anacheka.

Mama Makumbi aliona hiyo ndiyo nafasi. Akanyoosha mkono ulioshika samaki.

"Mgeni rasmi, tuna swali. Uwanja wetu tutarudishiwa lini?"

Mgeni akatazama vichanja juu ya televisheni, vichanja kwenye mapazia, mabeseni yaliyojaa mpaka mlangoni. Alikuwa mtu mpole, hakutaka kumwaibisha.

"Uwanja wa nini tena, mama?" aliuliza. "Moshi si huu hapa?"

Watu wakapiga makofi. Walipiga hata wale wa barazani, ambao hawakusikia vizuri. Mwenyekiti akajiweka sawa ndani ya joho, akatazama sakafu.

Mama Makumbi alitafuta la kusema. Alikuwa nalo, tena refu, lakini makofi yalikuwa yanaendelea, na kwenye kichanja chake samaki walikuwa wameanza kukauka upande mmoja. Akaingia katikati ya watu, akawageuza samaki wake mmoja mmoja.

"Shemeji," alisema, "sogea kushoto kidogo. Huku bado wabichi."

Mwenyekiti akasogea.