Mtoto wa Kuokota

Pudentienne alikuwa amezika watoto watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefika Noeli. Wa kwanza alishikwa na homa asubuhi, jioni akawa wa baridi. Wa pili vilevile. Wa tatu akafanya haraka kuliko wenzake. Wote walibatizwa mapema, wote walipewa majina mazuri ya watakatifu, na mama yao aliwabeba mgongoni barabarani kwa madaha, akimwambia kila aliyesimama kusalimia kwamba huyu ni wake. Kwa hiyo wa nne alipozaliwa, mwaka 1954 mvua za masika zikiwa zimepamba moto, wanawake wa kijiji waliamua kwamba safari hii kifo kitadanganywa.

Pale kijijini, katika bonde la Ruzizi, walijua namna ya kukidanganya. Mkunga alimweka mtoto kwenye ungo, akamtoa kwa mlango wa nyuma, akamwacha juu ya jaa la majivu na maganda ya ndizi. Jirani yao Kankindi, ambaye alikuwa ameshaambiwa apite, akapita. Akajifanya kushtuka. Akatangaza kwa sauti iliyofika barabarani kwamba ameokota mtoto ambaye wenyewe hawamtaki, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa mbele na kumkabidhi Pudentienne, aliyekuwa bado amelala mkekani.

"Minye sina maziwa," alisema. "Uninyonyeshee huyu mutoto wangu."

"Nitamunyonyesha," Pudentienne alijibu kama alivyofundishwa. "Lakini iko wako."

Wakamwita Ntamwana, maana yake hakuna mtoto. Kifo kikija kubisha hodi kitaambiwa hapa hakuna mtoto, nacho kwa kuwa kina kazi nyingi kitakwenda zake nyumba ya pili. Anayetaka kucheka acheke. Huyo hajazika watatu.

Kankindi alikuwa mjane. Ndugu za mumewe walimfukuza huko Makobola kwa kosa la kutozaa, akarudi bondeni na sufuria moja na jembe. Ndiyo maana walimchagua yeye. Mwanamke asiye na kitu, walisema, kifo hakina haja ya kumchungulia.

Mapatano yalikuwa wazi. Mtoto angekuwa wa Kankindi mpaka aione Noeli yake ya kwanza. Siku hiyo Pudentienne angempelekea Kankindi pombe ya ndizi, angemkomboa mtoto, na mtoto angebatizwa Louise. Naye kwa mara ya kwanza angeitwa Mama Louise. Wanawake wa rika lake wote walikuwa mama fulani. Yeye peke yake, na mvi zilikuwa zimeanza, alikuwa bado muke wa Sévère, kwa kuwa majina ya wale watatu yalizikwa nao. Alilitamani jina hilo kama mgonjwa anavyotamani chumvi. Siku nyingine alijikuta akilinong'ona huku akilima, kisha akajiuma mdomo kwa hofu ya kusikiwa. Alipokwenda Mulongwe kununua kitambaa cheupe cha gauni la ubatizo, Asha mwenye duka, aliyekuwa mpenda maneno, alimwuliza kitambaa ni cha nani. "Ni cha mutoto wa jirani," Pudentienne alisema, akatoka upesi kabla uso haujamsaliti.

Miezi ikapita na Ntamwana akanawiri. Akaota meno, akatambaa. Mama yake akahesabu miezi iliyobaki, akaanza kuwa na matumaini.

Kisha ikaja pamba.

Asiyejua pamba ya miaka ile na ashukuru. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake, upende usipende, na amri ya Wabelgiji ilisema mbegu zote ziwe ardhini kabla ya Noeli. Aliyezembea alikwenda kulala gerezani Uvira. Mwaka huo mvua ilikata barabara, na matarishi wa chifu wakapita wakizoa wanaume wa kwenda kuitengeneza. Sévère akazolewa nao. Hata uji wake hakuumaliza. Akamwambia mkewe atarudi baada ya Mwaka Mpya, amwangalie mtoto. Wakati huo Pudentienne alikuwa amebakiwa na zaidi ya nusu ya shamba la kupanda.

Msimamizi wa pamba, moniteri kama walivyomwita, alikuwa Octave, kijana wa baiskeli na filimbi. Alimwogopa mzungu wake kuliko wakulima walivyomwogopa yeye, na hakuna bwana mbaya kama huyo. Alivuta kamba yake kutoka kigingi hadi kigingi, na shimo la mbegu lililokaa nje ya kamba lilifukuliwa.

Mtoto hakuweza kukaa shambani kwenye mvua na mbu wale. Kankindi kipande chake kilikuwa kidogo, kipande cha mjane, alikwisha kukimaliza. Basi mtoto akawa anashinda kwake. Mwanzoni Pudentienne alikimbia nyumbani kila adhuhuri kumnyonyesha. Octave akaja siku moja akakuta jembe limelala peke yake, akampigia kelele mbele ya watu mpaka akashindwa kuinua macho. Tangu hapo alinyonyesha alfajiri na jioni tu. Mchana Kankindi alimpa mtoto maziwa ya ng'ombe yaliyoteremshwa na wachungaji wa Mulenge. Baadaye, kwa kuwa Pudentienne alirudi akiwa tope tupu na amechoka hoi, ikaonekana ni afadhali mtoto alale hukohuko.

Jioni moja alifika, akapiga magoti, akamnyooshea mtoto mikono. Mtoto alimtazama, akageuka, akajificha kifuani kwa Kankindi. Kankindi akacheka kidogo, akaacha haraka alipoona mwenzake hacheki. Pudentienne aliona wivu siku hiyo, wivu mchungu, akaona na aibu juu ya wivu wake, kwa sababu mwanamke huyu alikuwa anamsaidia.

Siku ya kuamkia Noeli alidhani amemaliza. Octave akaja na kamba yake. Mvua ilikuwa imesomba mistari ya upande wa mteremko, mbegu zimehama.

"Rudia huku kote," alisema. "Bwana iko anapita leo."

"Kesho mutoto anabatizwa."

"Mutoto gani? Weye si hauna mutoto?" Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyokuwa ameambiwa, kama watu wengine wote.

Pudentienne alishika jembe. Jua lilipokuwa juu Kankindi alikuja mpaka ukingoni mwa shamba, ameoga, mtoto mgongoni. Alisema padri anabatiza watoto alasiri hii hii, kesho ni misa tupu, na akikosa leo itakuwa mpaka Pasaka.

"Minye nitamupeleka," alisema. "Tutalala kwa shangazi yangu karibu na misioni. Kesho utatukuta."

Pudentienne alimpokea mtoto, akamnyonyesha amesimama katikati ya mistari ya pamba, huku filimbi ya Octave ikilia upande wa pili. Alikuwa na swali moja tu, nalo halikuweza kutamkwa chini ya mbingu wazi, kabla ya pombe kunywewa: padri akiuliza mama ni nani, utasemaje? Alimtazama Kankindi usoni akitumaini amelisikia bila kuambiwa.

"Jina ni Louise," alisema tu. "Usisahau, mama."

"Nimesikia."

Noeli ilipambazuka bila mvua. Pudentienne alioga, akajitwika mtungi wa pombe, akalikunja gauni jeupe kwapani, akashika njia ya misioni. Njiani watu walikuwa wengi, wamevaa vizuri, wanaimba. Yeye hakuimba lakini alitabasamu peke yake, na waliojua habari zake walitabasamu naye. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Alisikiliza kupitia dirishani, mtungi miguuni, na kila mtoto aliyelia ndani alidhani ni wake.

Misa ilipokwisha alikutana kwanza na Anastase, katekista wa kijiji chao. Anastase hakumtazama.

"Amebatizwa," alisema. "Anaitwa Generose."

"Generose? Na mama, alisema mama ni nani?"

"Kankindi."

"Anastase, weye ulikuwa pale."

"Nilikuwa pale. Ulitaka nikutaje? Ulikuwa haujamukomboa. Ningekutaja, mutoto angekufa, ungesema minye ndiye nilimuua."

Huyo ndiye aliyefundisha katekisimu kijijini tangu ujana wake. Lakini alikuwa mtoto wa bondeni, na kati ya kumficha padri jambo na kumtaja kwa sauti mama aliyezika watatu, hakupata shida kuchagua.

Kankindi alikuwa barazani kati ya wanawake wenye watoto wachanga. Alikuwa amemvika mtoto kigauni cha rangi ya waridi. Alikaa kama wao, alimpakata kama wao, na mtu asiyemjua asingeona tofauti yoyote. Pudentienne aliuweka mtungi mbele yake.

"Nimekuja kumukomboa. Nipe mutoto."

Kankindi hakuugusa mtungi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mutoto wa nani?" alisema polepole. "Weye mwenyewe umesema kila siku, iko wangu. Octave anajua, Asha wa Mulongwe anajua. Uliza muntu yeyote hapa."

"Kankindi, nakuomba."

"Minye niliwaomba watu wa mume wangu, hawakunisikia."

Padri, aliyekuwa akiagana na watu, akaona watu wanazongana, akaja. Alikuwa mzungu mwembamba, amechoka, macho mekundu kwa kukesha. Pudentienne alijipenyeza, akanyoosha mkono amnyakue mtoto, ukagusa paji la uso wake, ukabaki hapohapo. Mtoto alikuwa anaungua. Macho yake yalikuwa yamelegea kama ya wale watatu.

"Ameanza asubuhi," Kankindi alimnong'oneza. "Ulipotoka kwako na pombe, ndipo alianza. Kifo kimekusikia unakuja kumukomboa."

Huenda alisema kwa hila. Huenda aliamini. Mwanamke yule alikuwa amempenda mtoto kiasi kwamba vitu hivyo viwili vilikuwa vimeshikana, na yeye mwenyewe asingejua kuvitenganisha.

"Kuna nini?" padri aliuliza kwa Kiswahili chake cha misioni. "Nani ni mama wa mtoto huyu?"

Wote pale barazani walijua, na wote walimtazama Pudentienne, kwa sababu neno lilikuwa lake kulisema au kulimeza. Kulisema kulikuwa rahisi. Alikuwa amelisubiri tangu siku ya ungo, na huko nyuma alikwisha kulisema mara tatu. Lakini mkono wake ulikuwa bado kwenye lile paji la uso, na mkono ulikuwa unakumbuka vizuri jinsi joto lile linavyokwisha.

"Ni huyu," alisema, akamwonyesha Kankindi. "Minye namunyonyesha tu."

Padri akashusha pumzi, akasema basi mnagombana nini siku ya leo, mtoto ana homa, apelekwe kwa masista apewe kinini. Akaenda zake. Masista walimpa kinini. Pudentienne alikaa chini sakafuni, akamnyonyesha mpaka titi likauma, na muda wote huo Kankindi alikuwa ameushika mguu mmoja wa mtoto, hakuuachia.

Homa ikashuka. Siku chache baadaye mtoto alikuwa anatambaa tena, anakula ndizi, anawavuta kuku mikia. Kijiji kizima kikasema mnaona, alimkana mtoto, naye akapona. Wakamsifu Pudentienne kwa ujasiri wake. Hakuna sifa iliyowahi kumwuma mtu kama ile, kwa sababu kila aliyemsifu alikuwa anaufunga mlango. Baada ya hapo nani angemruhusu amchukue? Na yeye mwenyewe angethubutu vipi? Kankindi alikuwa sasa Mama Generose. Watoto walimwita hivyo kisimani, naye aliitika upesi sana.

Sévère alirudi baada ya Mwaka Mpya, amekonda, mikono imechubuka. Aliweka jembe lake chini, akaangaza macho nyumbani.

"Louise iko wapi?"

"Iko kwa mama yake," Pudentienne alisema.

Alidhani mkewe anatania, kisha akamtazama vizuri. Alipokwisha kuelezwa yote alisimama, akaelekea mlangoni. Pudentienne alimwahi, akamshika kiuno kwa mikono yote miwili.

"Ukienda, utasema ni wako. Ukisema tu, tutamuzika. Kaa chini, Sévère."

"Unaamini hayo?"

"Sijui. Weye uko tayari kujaribu?"

Sévère alikaa chini. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya mapaa. Upande wa pili wa ua mtoto akalia, kilio cha njaa, na gauni la Pudentienne likalowa kifuani palepale. Akasimama, akajifunga kitambaa, akavuka ua, akasubiri kwa heshima mlangoni kwa Kankindi mpaka alipoitwa.