Msumari wa Arobaini na Moja

Ofisini walimwita Sentimita, na jina hilo hakulipata kwa ufupi, maana alikuwa mrefu hadi akiingia mlangoni anainama. Alilipata kwa kazi. Miaka thelathini alikuwa mpima vimo wa idara ya maji ya jiji, na vijana walisema Sentimita akishaandika kwamba ukingo fulani uko mita sita na sentimita tatu, hata mvua lazima inyeshe kwa kufuata daftari lake. Walicheka wakisema hivyo. Yeye alitabasamu tu, akajifanya anatafuta kalamu.

Mwaka ule baraza la jiji lilipitisha jambo ambalo wengi hawakulielewa. Jiji lilikuwa na sifuri tatu. Idara ya maji ilihesabu vimo kuanzia sakafu ya bwawa la zamani, watu wa barabara walianzia kwenye ngazi ya chini ya stesheni, na majitaka nao walikuwa na sifuri yao, ambayo mtu pekee aliyeijua vizuri alikuwa ameshastaafu. Ikafika siku mfereji mpya ukachimbwa kwenda kupokea bomba, na bomba likatokea nusu mita juu ya vichwa vya mafundi, wakabaki wanatazamana. Ndipo ikaamuliwa jiji zima litumie sifuri moja, usawa wa bahari, na kila msumari wa shaba uliopigwa ukutani kuwa alama ya kimo upimwe upya.

“Sasa tunapanda au tunashuka?” mpiga chapa aliuliza siku barua iliposomwa. “Mimi nakaa ghorofa ya nne na lifti ni mbovu. Wakinishusha kidogo nitashukuru.”

Watu wakaangua kicheko. Sentimita alikuwa ameyaona maneno mawili tu katika barua ile: kila msumari.

Kisa chenyewe kilikuwa cha miaka ishirini na miwili nyuma, siku ya mvua. Alitumwa kupeleka kimo kutoka mtambo wa maji hadi ukuta wa zahanati iliyoko bondeni, karibu na mto. Ni kazi ya hatua kwa hatua: unasimamisha darubini, mwenzako anashika rula ndefu nyuma yako, kisha mbele yako, unasoma, unaandika, unasogea. Zilibaki hatua kumi na mbili mvua ilipozidi. Mshika rula alikuwa na homa, Sentimita akamwambia aende zake akalale. Bosi alitaka daftari kesho yake saa nne asubuhi. Sentimita akajibanza chini ya baraza la duka, akautazama mteremko kwa macho, akatunga namba. Ishirini na nne, za nyuma na za mbele, zikalingana vizuri mno. Akapiga msumari wa arobaini na moja, akauandikia kimo, akaenda nyumbani kubadili nguo.

Alijiambia atarudi wiki inayofuata arekebishe. Hakurudi. Miaka ikapita, na jiji likajenga ukuta wa kuzuia mafuriko kule bondeni. Alipopata habari kwamba kimo cha ukuta kilichukuliwa kwenye msumari ule ule, zege lilikuwa limeshakauka. Angeweza kwenda na darubini yake akajua ukweli kwa nusu siku. Hakwenda. Alianza kuzunguka njia ndefu ili asiupite ukuta wa zahanati. Na binti yake alipoolewa, akapanga nyumba ya chini bondeni, baba alipinga kwa ukali bila kutoa sababu yoyote, hadi mkwewe, fundi umeme mpole, akaamini mzee anamdharau. Kila wingu lilipojikusanya Sentimita alipiga simu. “Maji yako wapi?” Mkwe alikuwa akijibu, “Yako mtoni, baba, yanakusalimu.”

Kazi ya kupima vimo vipya ilikabidhiwa kwa Chapuchapu. Hilo lilikuwa jina la utani la mpimaji kijana, binti aliyetembea kama anakimbiza kitu, na kila alichokijua alifundishwa na Sentimita mwenyewe. Wiki sita alizunguka jiji na darubini. Wiki sita hizo mzee hakuona raha. Chakula alikiacha nusu. Mkewe alimuuliza kama ana ugonjwa anaouficha, naye akasema ni uchovu. Mvua kubwa nazo zilikuwa zimeanza.

Jumatano moja asubuhi Chapuchapu akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Mwalimu, nimeharibu kazi.”

“Kazi gani?”

Akafungua daftari mezani. “Misumari yote ya mstari huu imepanda mita mbili na sentimita kumi na nne, kama tulivyotarajia. Huu mmoja umepanda mita moja na sabini na sita tu. Wa arobaini na moja.”

Sentimita hakuliangalia daftari.

“Umerudia?”

“Nimepima mara tatu, na mara tatu nimekosea. Namba inatoka ile ile, sijui nakosea wapi. Kimo cha zamani ni chako wewe, mwandiko ni wako, kwa hiyo kosa ni langu.” Akapangusa pua kwa kiganja. “Majedwali yanafungwa Ijumaa. Nilikuwa nafikiri nichukue kimo chako, niongeze mbili kumi na nne kama kwenye mingine, niendelee. Nimekuja uniruhusu.”

Kwa hiyo ndiyo iliyokuwa njia. Ilikuja yenyewe kwa miguu yake, ikasimama mezani. Atikise kichwa tu, sentimita thelathini na nane zizikwe kwenye jedwali jipya lenye muhuri wa jiji, na hakuna atakayezifukua tena. Bado miezi mitano astaafu. Akafungua mdomo aseme, Sawa mwanangu, fanya hivyo.

Redio ya mpiga chapa ilikuwa ikisikika kupitia ukuta. Watu wa bwawa walitangaza kwamba mto utafika kilele kesho kutwa mchana, ila wakazi wa bondeni wasiwe na wasiwasi, maji yatabaki sentimita ishirini chini ya ukuta.

Alipiga hesabu pale pale. Asingeweza kujizuia kuipiga. Ilikuwa ndiyo kazi yake.

“Hukukosea,” akasema. “Nilizitunga.”

“Nini?”

“Namba za hatua kumi na mbili za mwisho. Nilikaa chini ya baraza la duka nikazitunga.”

Chapuchapu akamtazama kana kwamba anasubiri acheke. Hakucheka. Taratibu binti akavuta daftari lake, akalikumbatia kifuani.

“Nimelia siku mbili, mwalimu,” akasema. “Siku mbili nzima.”

Wakaenda pamoja kwa mhandisi mkuu, mama mmoja wa maneno machache. Njiani mara mbili Sentimita aliona ni bora ageuke, aseme alichanganyikiwa, ni shinikizo la damu. Ila Chapuchapu alikuwa nyuma yake. Mzee alieleza yote akiwa amesimama. Mhandisi alisikiliza hadi mwisho.

“Kwa hiyo maji hayatabaki chini ya ukuta.”

“Yatapita juu yake. Kwa sentimita kumi na nane.”

Mama yule akanyanyua simu. “Wewe utoke nje,” alimwambia bila kumtazama. “Binti abaki.”

Sentimita hakungoja kuambiwa lingine. Alikwenda bondeni moja kwa moja, kwa njia fupi. Binti yake alikuwa anaanika nguo kwenye kibaraza kwa kuwa mvua ilikuwa imepumzika kidogo.

“Fungasha,” alimwambia. “Wewe, mtoto, mumeo. Leo.”

“Baba, si wametangaza redioni...”

“Redio inasoma daftari langu. Daftari langu ni la uongo.”

Alimweleza pale pale, katikati ya nguo zilizoanikwa. Binti alisikiliza akiwa ameshika shati la mtoto, akilikunja na kulikunjua.

“Ulijua tulipohamia hapa?”

“Sikujua. Niliogopa kujua.”

“Miaka minne,” binti akasema. “Mtoto amelala chumba hiki miaka minne, baba.” Akaingia ndani. Alisikika akifungua makabati na kuyafunga kwa kishindo.

Siku mbili zilizofuata nusu ya bonde ilihamishwa, na malori yakamwaga viroba vya mchanga. Sentimita hakuitwa na mtu. Alijipanga tu kwenye mstari, akapokea kiroba, akakipitisha kwa wa mbele. Kushoto kwake akatokea mkwewe, fundi umeme. Waliweka viroba safu tatu juu ya ukuta, na Ijumaa saa saba mchana maji ya rangi ya udongo yakafika kwenye ukingo wa zege, yakatulia kidogo, kisha yakaupita na kuanza kulamba viroba. Mtu akasema Mungu wangu. Sentimita alitazama safu ya kwanza ikilowa, kisha ya pili ikianza kuwa nyeusi. Kwenye kona ya zahanati viroba vikafumuka. Nyumba kumi na moja zikajaa maji hadi madirishani kabla hawajaziba. Ya binti yake ilikuwa mojawapo. Ndani ya zote hapakuwa na mtu.

Jioni mto ukaanza kushuka.

Kamati ikaundwa, naye akasimamishwa kazi akisubiri barua. Chapuchapu alipewa madaftari yake yote ya miaka thelathini ayahakiki moja moja. Alikuja kumuona nyumbani mara moja, hakukubali kuketi.

“Kuna mingine?”

“Hakuna. Ule mmoja tu.”

“Nitapima yote,” akasema, akaondoka. Sentimita hakumlaumu.

Binti na mumewe walikuwa bado wanakaa kwake, katika chumba cha nyuma. Binti alimpa baba yake chakula, akamjibu alipoulizwa, basi. Adhuhuri moja manyunyu yalianza tena, na mjukuu akakimbilia dirishani, akaegemeza paji la uso kwenye kioo.

“Babu, hapa maji hayafiki?”

“Hayafiki,” akasema. “Tuko juu sana.”

Mtoto akageuka, akamtazama mama yake. Mama naye akamtazama mumewe, na fundi umeme akaweka bisibisi yake chini, akatoka nje kwenye mvua kwenda kutazama mteremko mwenyewe.