Saa Moja Aliyoniomba Lauri

Kiangazi kile mimi na mdogo wangu Lauri tulipanga siku nne za kushuka pwani ya Oregon kwa baiskeli, kutoka kwetu Astoria hadi Florence. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, yeye hamsini na miwili, fundi wa mashua. Ratiba niliiandika mimi, nikaibandika kwenye usukani: maili, milima, kambi. Siku ya tatu ilikuwa ya maili sitini na tatu, na ndiyo inayonisumbua hadi leo.

Tuliondoka ukungu ukiwa bado umelalia misonobari. Kufikia saa nne jua lilikuwa limetoka, upepo wa kaskazini unatusukuma mgongoni, na upande wa kulia bahari inatoa povu kuzunguka miamba. Ilikuwa siku ya kukimbia. Lakini kila baada ya kona Lauri alishuka, akaegemeza baiskeli, akayakodolea maji macho.

“Wewe! Umekuja kuendesha baiskeli au kuchumbia bahari?”

“Naja, dada. Dakika moja.”

“Dakika zako zina mimba. Kila moja inazaa kumi.”

Alicheka, akapanda tena. Mimi sikucheka.

Saa nane tuliingia Depoe Bay. Watu walikuwa wamejipanga kwenye ukuta wa mawe kando ya barabara, wananyoosha vidole na kupiga kelele. Nyangumi alikuwa karibu kabisa na miamba, anapuliza mvuke, anageuka polepole, mgongo wake una madoa meupe.

“Tukae hapa saa moja,” Lauri alisema. “Tununue supu ya chaza, tukae tu ukutani.”

“Saa moja? Na mlima ule mbele nani ataupanda?”

“Mimi. Nitakuvuta hata na wewe. Saa moja tu, Aila.”

Lauri hakuwa na kawaida ya kuniita kwa jina. Ningekuwa na masikio, ningesikia.

“Nyangumi hawahami,” nikamjibu. “Tutawaona mwakani.”

Alinitazama, akageukia tena bahari. Kisha akavaa kofia yake.

Tulifuata barabara ya zamani inayopanda ukingoni mwa jabali. Nilitangulia mimi. Kwenye mteremko nikasikia chuma kikikwaruza lami nyuma yangu, na nilipogeuka Lauri alikuwa chini, goti linatoka damu. Alikuwa amegonga jiwe kubwa kama mkate, lililokaa wazi kabisa pembeni.

“Una macho wewe au vifungo vya koti?”

“Sikuliona.”

“Jiwe lote hilo?”

“Sikuliona, dada.”

Nilimsafisha kwa maji ya chupa, nikabandika plasta.

“Kuna kitu nataka kukuambia,” akasema.

“Utaniambia kambini. Tumechelewa.”

Kambini alikula tambi zake, akaingia hemani kabla jua halijazama. Sikumuuliza. Nilikuwa nafurahia kwamba tumefika kwa wakati. Kesho yake tukamaliza safari, akanikumbatia, akarudi kwenye karakana yake.

Mwezi wa Novemba akanipigia simu. Daktari alikuwa amemwambia tangu Aprili: macho yanakufa kuanzia pembeni, anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Baiskeli ameshaiuza. Kazi ya mashua anamwachia mwenzake wa karakana.

Nilikaa chini sakafuni pale jikoni.

“Kwa nini hukuniambia, Lauri? Ningesimama. Ningesimama kila mahali!”

“Ndiyo sababu,” akasema. “Ungesimama kwa kunionea huruma. Nilitaka usimame kwa kupenda.”

“Na siku ile ulipoanguka?”

“Siku ile nilitaka kusema. Ukaniambia kambini, na tulipofika kambini hamu ilikuwa imeniisha.”

Nikamwomba radhi, nikilia. Akasema basi dada, yamepita, usijiue. Hakuwa na kinyongo; Lauri hajawahi kuwa nacho. Nikamwambia twende tena Juni, nitakodi baiskeli ya watu wawili, atakaa nyuma, hatuna haraka, hatuna ratiba.

“Utakuwa unanieleza kilichopo?” akauliza.

“Kila kitu.”

Nilisikia mkewe akimwita mezani.

“Wewe hujawahi kutazama, Aila,” akasema taratibu, bila ukali hata kidogo. “Utanieleza nini?”