Mijusi Tuliodhani Wamekufa

Nilikwenda stoo kutafuta viti vya ziada kwa ajili ya hotuba ya alasiri. Nilirudi mbio, mikono mitupu, nikausukuma mlango wa maabara kwa bega.

"Shangazi! Yuko hai!"

Kazini nilipaswa kumwita Profesa. Hayo ndiyo makubaliano yetu tangu aliponichukua kuwa msaidizi wake nilipohitimu: nyumbani ni dada wa baba, maabarani ni Profesa. Siku hiyo ulimi ulinitoroka.

"Nani yuko hai? Na viti viko wapi?"

"Mikia Miwili! Yuko ukutani, nyuma ya stoo, anaota jua kama mstaafu!"

Akaiweka kalamu chini taratibu.

Mikia Miwili alikuwa mjusi dume ambaye mkia wake ulikatika, ukaota tena ukiwa na panda. Tulimnasa mwanzoni mwa mwaka kwenye ukuta wa vigae wa maktaba, kwa fimbo ndefu yenye kitanzi cha uzi. Tulimlaza juu ya kioo, tukampiga picha vidole kwa chini, tukamtia doa la rangi nyekundu ya kucha mgongoni, tukamwachia. Vidole vyake vilikuwa vyembamba sana. Baadaye hatukumwona tena, na katika hesabu zetu akawa marehemu.

Tena marehemu mwenye faida. Kabla sijazaliwa, Shangazi alikuwa tayari amejulikana kwa wazo moja: ukuta ni chekeche. Ukuta laini wa mjini huwaangusha mijusi wenye vidole vyembamba, wenye vidole vipana hubaki na kuzaa, na baada ya vizazi vichache mijusi wa mjini si wale wa mababu zao tena. Maneno hayo yamo katika vitabu vya shule. Mimi mwenyewe niliyakariri kwa ajili ya mtihani, nikijigamba kwa wenzangu kwamba mwenye maneno hayo hunipikia uji. Utafiti wa mwaka huo ulikusudiwa kulionyesha chekeche hilo likifanya kazi mbele ya macho yetu, na ukumbi ungejaa watu waliokuja kusikia hivyo.

"Ana doa?" aliuliza.

"Hana hata alama ya doa."

Nikamwona akielewa kabla sijamaliza kusema. Mjusi hujivua ngozi, na rangi huondoka na ngozi. Tulilijua hilo. Tulipanga kuwanasa tena kabla hawajajivua, lakini mvua ikatufungia ndani kwa majuma, na ilipokatika tuliendelea kwa pupa kana kwamba mijusi nao walikuwa wametusubiri. Kila asiye na doa tulimwandika mgeni. Kila doa lililokosekana tuliliandika kifo.

"Tumewazika walio hai," alisema.

Nilimwazia mbele ya watu, akivua kwa mkono wake sifa aliyoivaa maisha yake yote. "Tunaweza kuahirisha," nikasema kwa sauti ya chini. "Tuseme unaumwa."

Alinitazama kama niliyemtukania mama.

"Niumwe nini, mtoto wewe? Chukua fimbo! Mimi nabeba kioo!"

Tukatoka mbio, yeye mbele, koti jeupe likipepea. Mlinzi wa geti alizoea kututania.

"Profesa, leo mnavua dagaa au papa?"

"Leo tunafufua wafu, baba!"

"Basi mniamshie na yule mdeni wangu!"

Ukuta wa nyuma ya stoo ulikuwa wa mawe, mkongwe, unaokwaruza kama kisigino kilichopasuka. Hatukuwahi kuuchunguza, maana haukuwa na vigae. Sasa niliwanasa mijusi wake, Shangazi akawalaza kwenye kioo na kuwapiga picha. Mistari ya vidole vya mjusi hutofautiana kama ya vidole vyetu, na picha haijivui ngozi. Tulipekua picha za zamani kwenye kompyuta iliyokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Huyu hapa, marehemu!" alipiga kelele. "Na huyu marehemu! Huyu tulimlilia kabisa!"

Walikuwa wale wale wa vidole vyembamba, mmoja baada ya mwingine. Wamenenepa. Wameshika mawe kwa kucha, na katika nyufa mlikuwa na mayai.

Shangazi alipiga magoti vumbini. "Hawakuanguka," alinong'ona. "Walihama."

Ukuta haukuwa umewachagua peke yake. Na wao waliuchagua ukuta! Uani kwetu, karibu na mapipa ya taka, mijusi walikuwa wamejigawa katika miji miwili, na kila mmoja alizaa na aliyechagua kama yeye.

"Lakini Shangazi, wazo lako sasa..."

"Limepata ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu wangu siuzibi, ng'o! Nataka nichungulie."

Alasiri hiyo Shangazi alipanda jukwaani na vumbi magotini. Wengi ukumbini walikuwa wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa wana mvi.

"Nimekosea," alianza, "na picha ninazo."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Kisha picha zikaanza kupita mbili mbili, kidole kwa kidole, na kicheko kikanyamaza. Mzee mmoja wa safu ya mbele, asiyempenda tangu zamani, akauliza kwa utamu wa sumu, "Kwa hiyo miaka yote hiyo, Profesa?"

"Miaka yote hiyo nilitazama ukuta mmoja," alijibu. "Hebu fikiria, ndugu yangu, nilivyopitwa na mambo!"

Alisema hivyo kwa furaha kiasi kwamba hata mzee yule aliinama kuitazama picha upya. Ndipo mkuu wa idara akasimama, jasho likimtoka.

"Jumatatu nina darasa la mwaka wa kwanza. Maelezo yameshachapwa. Niwafundishe nini?"

Nilishika ukingo wa kiti changu. Shangazi alitafakari kidogo, na uso wake ukawa wa msichana.

"Waambie Profesa hajui," alisema. "Halafu waje kwangu na viatu vya kukimbilia."

Mikono ilipanda ukumbi mzima. Alikuwa tayari ananyoosha kidole kumwelekea binti mmoja wa nyuma, aliyekosa kiti, ambaye alishindwa kulizuia swali lake na alikwisha kuanza kuuliza.