Mashine ya Meno

Trekta ndogo nyekundu ilimzidi Mukundwa umri. Baba yake aliiacha imekufa chini ya mabati, naye kwa fedha ya maziwa akaifufua kipuri kwa kipuri, hadi ikanguruma tena kwenye kilima chao karibu na Lushebere. Ilikosa tu mashine ya kukata majani. Nyasi zilikuwa zimewafika ng'ombe tumboni, na kiangazi kilikuwa mlangoni.

Nsengimana, fundi wa vyuma, alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa na visu vya kuzunguka chini ya bati pana. Nyingine ilikuwa mkono mrefu wa chuma wenye meno, unaochomoza pembeni.

Sebarenzi, kaka yake Mukundwa, aliipiga konzi ile ya visu. "Hii njo mashine! Ile ingine iko kama kichana ya mama."

"Kaka, trekta yetu iko kidogo. Papa Nsengimana, tuache tujaribu zote."

Fundi akakubali, wakazipeleka kilimani. Walianza na ya visu. Kufika mteremkoni, trekta ikatoa moshi mweusi, uzito wa nyuma ukaivuta, magurudumu ya mbele yakainuka hewani. Mukundwa akakanyaga klachi, pua ikashuka. Nyuma yake majani yalikuwa yamesagika kama sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa.

"Hii haiwezi kukauka," alisema. "Itaoza. Ngombe watakula nini kiangazi?"

Wakafunga ya meno. Ilikwenda kidogo tu, ikasongwa na majani, ikakwama. Sebarenzi akacheka hadi akashika mbavu. Mukundwa alizima injini, akapiga magoti, akapapasa meno moja moja hadi akakuta mawili yanacheza. Akayakaza, akang'oa majani yaliyonasa, akapanda tena.

Safari hii meno yaliimba. Nyasi zililala chini ndefu, nzima, zimepangana kama mkeka, na trekta ikapanda kilima bila kuhema. Majirani waliacha majembe wakaja kuangalia. Akina mama wakapiga vigelegele. Mukundwa alifika kileleni, akageuka, akaona ukanda mrefu wa kilima umenyolewa nyuma yake, akajikuta anaimba kwa sauti ya kanisani.

Sebarenzi alikuwa anakimbia kando ya gurudumu, jasho likimtiririka.

"Dada, shuka! Na miye niendeshe kidogo!"

"Chukua kwanza uma, kaka," Mukundwa alipaza sauti. "Majani inangoja kugeuzwa!"

Naye akauchukua ule uma wenye mpini mrefu, anacheka.